Mchagua Nyimbo

Wahenga wetu hawakumheshimu sana mtu achaguaye. Walisema mchagua jembe si mkulima, na mchagua nazi hupata koroma. Katika methali ya kwanza mchaguzi ni mvivu ajifichaye nyuma ya uangalifu. Katika ya pili ni mtu wa tamaa, na tamaa yake humlipa hasara. Hata hivyo iko kazi moja ya kuchagua ambayo watu wa zama zetu wameizoea na kuipenda. Mtu hukaa mwisho wa mwaka akazipitia nyimbo alizozisikia, akateua kumi na tano au ishirini zilizomkaa moyoni, akazipanga moja baada ya moja, kisha akawagawia rafiki zake ziwe hidaya ya mwaka. Hakutunga hata ubeti mmoja wala hakugusa hata uzi mmoja wa gita. Sauti si yake, maneno si yake, na pengine hata lugha si yake. Lakini atoapo hidaya hiyo husema, "Nimekutengenezea," na rafiki hushukuru kana kwamba amepewa kitu kilichofumwa kwa mikono ya mtoaji.

Insha hii yauliza kama shukrani hiyo ina haki. Je, mtu aweza kutoa zawadi ya kitu kisicho chake? Na kama aweza, ana wajibu gani kwa rafiki apewaye, kwa mtungaji aliyeimba, na kwa mwaka wenyewe ambao nyimbo hizo zadaiwa kuukumbusha? Maswali haya huonekana madogo kwa kuwa yahusu burudani. Lakini tabia ya mtu hudhihirika katika burudani zake pengine wazi zaidi kuliko katika kazi zake, maana kazini mtu hutii amri ya mwingine, na katika burudani hutii nafsi yake.

Mahali pafaapo kuyapimia maswali haya ni Kigoma na Ujiji. Reli iliyoanzia Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, baada ya mwendo wa kilomita 1,250 hivi. Hapo chuma huisha na maji huanza. Ng'ambo ya magharibi ni Kongo, kaskazini ni Burundi, na kusini ziwa lajinyosha mpaka Zambia, hata urefu wake wote wapita kilomita 670. Kabla ya reli, Ujiji ulikuwa kituo cha misafara. Wapagazi waliingia wakiimba chini ya mizigo yao. Watu wa pwani walikuja na tenzi na kasida. Wamanyema walivuka ziwa wakaukuta mji na kuufanya wao. Waha, Wajiji na Wabembe walikuwa na ngoma zao. Mwaka 1921 Waingereza waliwakubalia Wabelgiji wawe na eneo lao katika bandari ya Kigoma na katika bandari ya Dar es Salaam, ili shehena ya Kongo ipite pasipo kizuizi. Shehena hiyo iliandikwa katika vitabu vya forodha, robota kwa robota. Nyimbo hazikuandikwa popote, lakini nazo zilipita.

Kwa sababu hiyo mtu wa Kigoma hakukosa kamwe cha kuchagua. Alikuwa na rumba ya Kongo kwa Kilingala, muziki wa dansi wa Dar es Salaam, Morogoro na Tabora, taarabu ya Unguja na Mombasa, kasida za maulidi, kwaya za makanisa, na ngoma za vijijini. Alichokosa kwa muda mrefu ni chombo cha kuzishika. Santuri ilikuwa ghali, na Tanzania haikuwa na kiwanda chake cha kuchapa santuri. Bendi nyingi zilichapiwa Nairobi. Wimbo ulimfikia msikilizaji kwa redio, tena kwa saa iliyopangwa na watu wengine. Kanda ndogo ya kaseti, ambayo kampuni ya Philips ilianza kuionyesha Ulaya mwaka 1963, ilipofika mikononi mwa watu wa kawaida ilileta mageuzi makubwa. Kwa mara ya kwanza msikilizaji aliweza kungoja wimbo aupendao, akabonyeza kitufe, akaushika, na kuupanga baada ya mwingine kwa hiari yake. Kanda ya dakika 60 ilikuwa na nusu saa kila upande. Katika nusu saa hizo mbili mtu alipaswa kusema yote aliyotaka kusema. Leo kijana mwenye kompyuta katika kibanda cha sokoni aweza kumjazia mteja mamia ya nyimbo katika memori kadi kwa bei ndogo. Chombo kimepanuka, lakini swali letu halikupungua, limezidi.

Tulianze swali la kwanza, yaani kama mchaguzi ni mtoaji. Historia ya lugha yetu ina shahidi mwema. Muyaka bin Haji, mshairi mkubwa wa Mombasa, alifariki mwaka 1840. Beti zake zilikuwa zimetawanyika katika vinywa vya watu, na vinywa hufa. Nusu karne hivi baadaye Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki mwaka 1890, alizikusanya kutoka kwa waliozikumbuka, W. E. Taylor akazihifadhi kwa maandishi pamoja na maelezo. Na mwaka 1940 W. Hichens akazichapisha katika kitabu kiitwacho Diwani ya Muyaka. Mwalimu Sikujua hakuzitunga beti hizo. Lakini nani athubutuye kusema kwamba hakutupa kitu? Kama asingechagua kusikiliza, kuuliza na kuhifadhi, tungekuwa na jina la Muyaka tu, na ushairi wake tungeusikia katika sifa za wazee pasipo kuuona. Waarabu nao husimulia habari za Abu Tammam, mshairi wa karne ya 9, ambaye alizuiwa na theluji nyumbani kwa mwenyeji mwenye maktaba, akautumia wakati huo kukusanya mashairi ya watu wa kale katika diwani iitwayo Hamasa. Wako wahakiki waliosema kwamba Abu Tammam alikuwa mshairi bora zaidi katika kuchagua kuliko katika kutunga. Neno hilo lilikuwa na kijembe ndani yake, lakini lilikiri kwamba kuchagua kwaweza kuwa ubora wa peke yake.

Mpinzani atajibu kwamba mifano hii haifanani na jambo letu. Mwalimu Sikujua alikusanya vilivyokuwa karibu kupotea. Mchaguzi wetu wa mwisho wa mwaka hukusanya nyimbo ambazo kila mtu amezisikia, au aweza kuzisikia akitaka. Hoja hii ni ya kweli kwa nusu. Ni kweli kwamba wimbo upigwao kila duka hauhitaji mwokozi. Lakini kitu chaweza kupotea kwa njia mbili: kwa kuwa haba, na kwa kuwa kingi. Mvuvi wa dagaa katika ziwa la Tanganyika hutoka usiku wa giza na karabai, kwa sababu taa moja katika giza huwakusanya samaki. Mwezi ukiwa mpevu, nuru imetapakaa kila mahali, hukaa pwani akashona nyavu. Nuru ikiwa kila mahali haionyeshi kitu. Vivyo hivyo, mtu mwenye nyimbo elfu katika kadi yake hana wimbo hata mmoja mpaka mwenzake amwambie, "Sikiliza huu." Katika wingi, mchaguzi ni mwenye taa. Atoacho si wimbo, maana wimbo ulikuwapo. Atoacho ni usikivu wake wa mwaka mzima. Amesikiliza mamia ili mwenzake asikilize ishirini. Usikivu huo ni kazi, kazi hiyo ilikuwa yake, na kitu kilicho chake ana haki ya kukitoa.

Fauka ya hayo, yuko katika mpangilio. Watu wa pwani wanapotunga koja la asmini hawaumbi ua, lakini hakuna adaiye kwamba koja na maua yaliyomwagwa katika ungo ni kitu kimoja. Wimbo wa msiba ukitanguliwa na wimbo wa harusi husema jambo moja. Ukitanguliwa na wimbo wa safari husema jingine. Anayejua kuupanga wimbo mahali pake ameongeza maana ambayo mtungaji hakuiweka, bila kumnyang'anya ile aliyoiweka. Basi methali ya wahenga haikukosea, ila haikumlenga mtu huyu. Ilimlenga achaguaye jembe asilime. Huyu wetu alilima kwanza, akachagua katika mavuno.

Swali la pili ni gumu zaidi: mchaguzi amfuate nani, moyo wake au moyo wa rafiki? Akiufuata moyo wake peke yake, hidaya yaweza kuwa kioo cha kujitazamia. Wako watu wachaguao nyimbo ambazo hawazipendi hata wao wenyewe, ila wapenda kuonekana kuwa ni watu wapendao nyimbo za namna ile. Huteua wimbo adimu kwa sababu ni adimu, wa mbali kwa sababu ni wa mbali, na kumpa mwenzao saa moja ya majivuno wakiiita zawadi. Mtu huyu humtaka rafiki awe shahidi wa ujuzi wake. Kwa upande mwingine, akiufuata moyo wa rafiki peke yake, akateua yale tu ambayo rafiki ameyazoea na kuyasifu, amekuwa mtumishi apokeaye maagizo, au mbembelezi. Atamfurahisha, lakini hatampa kitu, maana amemrudishia chake.

Njia iliyo kati ya hizo mbili si nusu ya kila moja. Ni njia ya tatu. Mchaguzi mwema huteua alichokipenda kwa kweli, akauliza katika kila wimbo: je, huyu nimpendaye aweza kukipenda hiki, hata kama hakukijua? Swali hilo lataka amjue rafiki yake kuliko anavyojua nyimbo. Nalo lina hatari, kwa sababu rafiki aweza kukataa. Aweza kusema, "Huu sikuuelewa," au akanyamaza, na kimya katika jambo hili ni jibu kali. Lakini zawadi isiyoweza kukataliwa ni malipo au ni amri. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na moyo utokao nje hauna budi kukubali kwamba waweza kugongwa.

Watu wa Kigoma wana fundisho katika jambo hili la kuelewa. Miaka mingi walicheza na kuimba nyimbo za Kilingala pasipo kuyajua maneno yake yote. Wimbo wa Uhuru ambao Joseph Kabasele na African Jazz waliutunga Brussels mwaka 1960, wakati wanasiasa wa Kongo walipokuwa wakijadiliana na Wabelgiji, ulipendwa na watu wengi wa Afrika ambao hawakujua Kilingala. Walichoelewa ni neno moja la uhuru na furaha iliyolizunguka. Mwenye kuupenda wimbo asiouelewa ameweka amana kwa watu asiowajua: huamini kwamba nyuma ya sauti ile kuna maana inayostahili. Amana hiyo ni mwanzo wa ujirani. Kisha njia huenda na kurudi. Remmy Ongala alizaliwa mwaka 1947 Kindu, katika nchi ya Manyema ambako mababu wa watu wengi wa Ujiji walitoka. Mwaka 1978 alifika Dar es Salaam kujiunga na Orchestra Makassy, na baadaye akaiongoza Super Matimila. Mpaka kufariki kwake mwaka 2010, nyimbo zake za Kiswahili kuhusu umaskini na mauti ziliwafanya Watanzania wamhesabu kuwa wao. Waliokuwa wamependa sauti ya ng'ambo bila kuielewa hatimaye waliisikia ikisema nao kwa lugha yao. Mchaguzi amtiliaye rafiki wimbo mmoja wa lugha ngeni hamtesi. Amwomba aongeze mlango mmoja katika nyumba yake.

Lakini hapa pana mpaka. Wahenga walisema wimbo mbaya haimbiwi mwana. Rafiki si mtoto, wala haifai kumchujia dunia kama achujiwaye mtoto uji. Hata hivyo ziko nyimbo ambazo uzuri wake wa sauti hubeba matusi kwa wanawake, au chuki kwa kabila au dini ya jirani. Anayezitia katika hidaya yake hawezi kujitetea kwamba hakuzitunga. Tumekwisha sema kwamba mchaguzi ana haki ya shukrani kwa sababu uteuzi ni kazi yake; basi kwa sababu iyo hiyo lawama ya uteuzi nayo ni yake. Hawezi kuichukua sifa akaiacha dhima. Katika mji kama Kigoma, ambako Mrundi, Mkongo na Mtanzania, Mwislamu na Mkristo, husikiliza redio moja katika duka moja, dhima hiyo si ya nadharia.

Swali la tatu lahusu mtu ambaye hayupo wakati hidaya inapotolewa, naye ndiye aliyeifanya iwezekane: mtungaji. Redio ya Tanganyika ilipotwaliwa na Serikali mwaka 1965 na kuwa Redio Tanzania Dar es Salaam, studio yake ikawa mahali pakuu pa bendi kurekodi nyimbo zao. Nyimbo hizo ziliruka kila pembe ya nchi, na mashabiki wakazinasa katika kanda zao. Kanda moja ilizaa nyingine, nyingine ikauzwa, na fedha za mauzo hayo hazikufika kwa mwimbaji. Wanamuziki wengi ambao sauti zao zilijulikana na kila mtoto walizeeka katika dhiki. Sheria ya Haki Miliki na Haki Shirikishi, Namba 7 ya mwaka 1999, ilimpa mtungaji uwezo wa kuruhusu au kukataza kazi yake kunakiliwa, na ikaanzisha COSOTA iwe chombo cha kuzisimamia haki hizo. Lakini sheria hufika polepole mahali ambapo mazoea yamekaa muda mrefu.

Wako wasemao kwamba zawadi kwa rafiki si biashara, kwa hiyo hakuna aliyedhulumiwa. Kuna ukweli ndani yake: mtu ampaye rafiki mmoja wimbo mmoja ili aupende hafanani na mwenye kibanda auzaye jasho la wengine kila siku. Wengine husema hata hiyo ni heri kwa mtungaji, kwa kuwa wimbo hutembea na jina lake. Hoja hii ya pili yapasa ichunguzwe, kwa sababu mara nyingi wimbo hutembea na jina halitembei. Kanda nyingi za zamani hazikuandikwa kitu. Na leo nyimbo hujazwa katika kadi zikiwa na jina la kibanda kilichozinakili, au hazina jina lolote. Mtu aweza kumpenda mwimbaji miaka kumi pasipo kumjua. Huo ni unyang'anyi wa namna mbili, wa fedha na wa jina, na wa pili ndio usio na kisingizio chochote, kwa sababu jina halimgharimu mtoaji hata senti.

Twaweza kuweka kipimo. Tuseme mwimbaji mwenyewe amefika Ujiji, amekaa pamoja nasi chini ya mwembe, nasi twatoa hidaya yetu mbele ya macho yake. Je, tutaona fahari au haya? Kama tumelitaja jina lake na la bendi yake na la mji wake. Kama tumeununua wimbo wake pale tulipoweza kuununua. Kama twamwambia rafiki mahali pa kumpata mwimbaji ili naye amlipe. Basi yamkini mwimbaji atatabasamu, na kuwa amepata mgeni mpya nyumbani mwake. Kama hatukufanya lolote katika hayo, tutaona haya, na haya hiyo ni hukumu ya kutosha. Ukarimu hautoki katika mfuko wa mtu mwingine. Mtu akiwakaribisha wageni kwa kuku wa jirani, wageni watashiba, lakini hawezi kuitwa karimu mpaka amekwenda kwa jirani.

Swali la nne ni kuhusu mwaka wenyewe. Hidaya hii huitwa nyimbo za mwaka. Lakini ni mwaka gani? Wengine hudhani ni lazima nyimbo ziwe zimezaliwa ndani ya miezi ile kumi na miwili. Huo ni uaminifu kwa kalenda. Upo uaminifu mwingine, nao ni kwa maisha. Wimbo uliotungwa kabla hujazaliwa waweza kuwa wimbo wa mwaka wako huu, kwa sababu ndio uliokutana nawe mwaka huu ulipoukosa usingizi. Na wimbo uliopigwa kila saa mwaka huu waweza kuwa haukuwa na mwaka wowote ndani yako.

Jambo zito zaidi ni kama nyimbo za mwaka zapaswa kusema kweli juu ya mwaka. Mwaka 1996 vita vya Kongo vilileta maelfu ya watu ng'ambo hii ya ziwa, na katika mwaka huo kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa wilayani Kasulu. Mwezi wa Mei mwaka 2015 maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko walikusanyika Kagunga, kijiji kilicho kati ya milima na maji karibu na mpaka. Kipindupindu kikawaingilia pale, na meli Liemba, ile iliyojengwa na Wajerumani na kushushwa ziwani mwaka 1915, iliwachukua kwa mafungu mpaka Kigoma. Mtu wa Kigoma aliyeteua nyimbo za mwaka ule angeteua zipi? Akiteua za kucheza tupu, je, amesema uongo? Akiteua za majonzi tupu, je, amewaheshimu waliokuja, au ameifanya dhiki yao kuwa pambo la hidaya yake?

Jibu si la kupima majonzi na furaha kwa mizani kama muuza dagaa. Aliyekimbia huja na nyimbo zake, na si zote za kilio. Mtu aliyepoteza nyumba haachi kucheza harusini kwa mwanawe. Furaha ya watu wenye dhiki si uongo. Uongo ni furaha isiyojua kwamba jirani yupo. Mchaguzi mwaminifu hahitaji kuandika tanzia ya mwaka. Yatosha hidaya yake iwe imetengenezwa na mtu aliyekuwa na masikio mwaka ule. Pengine wimbo mmoja tu wa lugha ya waliofika, umewekwa kati ya nyimbo za nyumbani bila maelezo, wasema zaidi ya hotuba. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma walikusanyika wakaimba pamoja wimbo walioupa jina la Kiha, Leka Dutigite. Wengi wao walikuwa wamejulikana kwa nyimbo za Kiswahili cha mjini. Jina lile pekee lilimkumbusha msikilizaji kwamba nyuma ya umaarufu kuna mahali, na mahali pana lugha. Wimbo mmoja waweza kulikumbusha taifa zima kwamba mwisho wa reli nao ni mwanzo.

Kabla ya kufunga, inafaa kumjibu asemaye kwamba kazi hii yote imepitwa na wakati. Siku hizi simu yenyewe huhesabu nyimbo tulizozisikiliza na kutuletea orodha mwishoni mwa mwaka, bila sisi kutaabika. Ni kweli, na hesabu hiyo haina kosa. Lakini hesabu ya mara ngapi si hukumu ya kiasi gani. Wimbo wa kulalia mtoto husikilizwa kila usiku. Wimbo ulioimbwa kaburini husikilizwa mara moja, na mara hiyo yaweza kuwa ndiyo mwaka wote. Mashine yajua kilichorudiwa. Haijui tulichoshindwa kukirudia kwa sababu kilituumiza. Tena mashine haina rafiki. Huorodhesha kwa ajili ya yule yule aliyesikiliza, ikampa yeye mwenyewe habari zake mwenyewe. Katika jambo letu, nusu ya kazi ni kusikiliza, na nusu iliyobaki ni kumfikiria mtu mwingine. Nusu hii ya pili haiwezi kukabidhiwa kwa hesabu.

Basi tukusanye tulichokipata. Mchaguzi wa nyimbo ni mtoaji wa kweli, kwa kuwa hutoa usikivu wake, na usikivu ni mali ya mtu kama ilivyo nguvu ya mikono yake. Lakini hutoa juu ya mali ya mwingine, kwa hiyo zawadi yake ina deni ndani yake tangu mwanzo. Deni la kwanza ni kwa mtungaji, nalo hulipwa kwa jina na kwa fedha inapowezekana. La pili ni kwa rafiki, nalo hulipwa kwa kutomfanya shahidi wa majivuno yetu wala mateka wa mazoea yake. La tatu ni kwa mwaka na kwa wale walioishi nasi katika mwaka huo, nalo hulipwa kwa kutosema uongo. Kanda ya dakika 60 iliwafunza wazee wetu jambo ambalo vyombo visivyojaa haviwezi kutufunza: ili kuutia wimbo mmoja, sharti kuuacha mwingine, na aachaye hana budi kujua kwa nini. Anayekijua alichokiacha, na sababu yake, huyo amelima. Na akija na jembe lake begani, wahenga hawatamfukuza shambani.